Asiyeitika Tunamtafuta

Bwana asifiwe, ndugu zangu!

Asanteni. Mmeitikia vizuri, hata wale wa nyuma ambao bado wanatafuta viti. Nawaomba mlikumbuke itikio hilo mpaka nimalize, maana ushuhuda wangu wote umo ndani yake. Mchungaji amenipa robo saa, na ninamwona anatazama saa yake. Baba, nivumilie kidogo. Jambo hili nimekaa nalo miaka minne.

Wengi mnanijua kama Mama Neema wa saluni ya La Rochelle. Jina langu la kuzaliwa ni Zawadi, mtoto wa Uvira. Mnanijua kama mtu wa maombi, mtu wa kufunga, mtu ambaye pepo akitajwa tu tayari nimesimama. Leo sikuja kuwaambia jinsi nilivyotolewa mapepo. Nimekuja kuwaambia jinsi Mungu alivyonitoa katika kazi niliyoifanya kwa bidii na kwa moyo safi, kazi ya kufungia watu, huku nikidhani ninamtumikia Yeye.

Nianze na mwaka 2008. Nilikuwa naishi Alexandra, hapa hapa Joburg, kibanda cha mabati, Neema nikiwa nimembeba mgongoni. Vurugu za kuwafukuza wageni zilipoanza nilijificha siku tatu kwa bibi mmoja wa Kizulu aliyetuficha nyuma ya kabati lake. Siku ya tatu nikasikia sauti ya mwanamke nje, kwa Kiswahili cha kwetu, inaita jina langu: "Zawadi! Zawadi wa Uvira!" Alikuwa Madame Georgette. Tulikuwa tumesali pamoja mara mbili tu, hatukuwa na undugu wowote. Aliposikia kwamba kuna mama wa Uvira amebaki Alex, alikodi gari akaja kunitafuta mwenyewe. Alinipa godoro, akanipa sabuni, akanipa kazi ya kusuka katika saluni yake ya ghorofa ya pili katikati ya mji. Ndugu zangu, mtu aliyekuita jina siku kama ile, unamfuata popote. Mimi nilimfuata.

Miaka ikapita, nikawa mkono wake wa kuume. Ufunguo wa mlango wa chini ulikuwa kwangu. Ufunguo wa chumba cha nyuma, kwangu. Na ufunguo mmoja mdogo wa shaba nilioufunga kwenye kitenge changu, huo ulikuwa wa droo ya meza yake. Katika droo ile Madame alitunza hati za wasichana wa kazi. Alisema mji huu una wezi, pasipoti ikipotea hapa utalia mpaka machozi yaishe, basi heri zikae mahali pamoja. Diploma yangu ya uuguzi pia ilikuwa humo, ile niliyovuka nayo mipaka minne nimeishona ndani ya nguo. Niliitoa mwenyewe nikampa. Sikuona ubaya. Mama akikupokea ugenini, unamkabidhi karatasi zako. Ndivyo tulivyofanya wote.

Mwanzoni mwa 2015 Madame aliletewa wanawake watatu kutoka Nepal. Wakala fulani aliwaleta kwa sababu wateja walikuwa wanaulizia kutinda nyusi kwa uzi, na wale wanawake ni mafundi wa kazi hiyo. Mkubwa wao aliitwa Sarita. Mwembamba, mkimya, ana tabasamu la kuazima. Ncha moja ya uzi anaishika kwa meno, nyingine vidoleni, na kabla hujafumba jicho nyusi zako zimekaa sawa. Kwenye mstari wa nywele zake katikati alipaka unga mwekundu, na mkononi alifunga kamba nyekundu. Walilala chumba cha nyuma. Pasipoti zao zikaingia kwenye droo, na mimi ndiye niliyefunga.

Mwaka huo huo tetemeko likaipiga nchi yao. Sarita aliacha huko binti wa miaka saba, akiishi na bibi yake. Nyumba yao ilianguka, wakawa wanalala chini ya turubai. Sarita alimwomba Madame pasipoti yake aende akamwone mtoto. Madame akamwambia angoje. Aliomba tena mwezi uliofuata, akaambiwa tena angoje. Mimi nilikuwa nimesimama pale na ufunguo kiunoni, nikatazama pembeni.

Sasa sikilizeni kosa langu.

Baada ya tetemeko, kila asubuhi kabla ya mteja wa kwanza, Sarita alikuwa anakaa kwenye pembe tunapopikia chai, anaweka simu magotini, anaanza kunong'ona. Anataja neno, anangoja. Simu inajibu kwa sauti ya mwanamke: "Hajur." Anataja lingine. Sauti nyingine kabisa: "Hajur." Hivyo hivyo, kama dakika kumi. Ule unga mwekundu kichwani, ile kamba mkononi, yale majina nisiyoyaelewa, na sauti zinazoitikia kutoka mahali nisipopajua! Wiki ile ile mhubiri mgeni alikuwa ametufundisha juu ya roho zinazoitwa kwa zamu. Ndugu zangu, mngefikiri nini? Nilisema moyoni, Zawadi, umepewa macho ya kuona. Hawa wanaita mizimu kwa simu.

Nilikemea. Nilipaka mafuta ukuta wa ile pembe ya chai. Chai yao nikaacha kuinywa, nikawa naja na kikombe changu kutoka nyumbani. Nilipoona bado wanaendelea, nikaenda kwa Madame nikamwambia, huyu mwanamke anafanya mambo, na kama biashara imelala mwezi huu sababu ni hii. Madame hakungoja. Aliichukua simu ya Sarita mkononi mwake, pamoja na za wenzake wawili, akanipa mimi. Nikaziweka kwenye droo, nikafunga, nikaenda kanisani nikashuhudia ushindi. Wapo humu walionipigia makofi siku ile.

Sarita hakupiga kelele wala hakulia. Aliendelea na kazi. Ila uzi ulikuwa unamkatikia. Mwanamke ambaye sijawahi kuona uzi wake ukikatika, siku hiyo ulikatika mara nne kwenye uso wa mteja mmoja. Niliona, na nikajiambia kwamba nguvu zao zimevunjwa.

Siku ya nne, Jumanne asubuhi, nilifika wa kwanza nikawa nafagia. Simu ikalia ndani ya droo. Ikanyamaza, ikalia tena. Ikalia mpaka nikakasirika, nikafungua niizime. Kumbe kidole kimepokea. Sauti ya mwanamke ikatoka: "Sarita didi? Sarita didi?" Didi kwao ni dada, lakini sikujua; kwa mazoea nikajibu kwa Kiswahili, "Wewe nani?"

Kisha nikasikia yule mwanamke anamwita mwenzake kwa haraka, vyombo vinagongana, maji yanafungwa. Ikaja sauti nyingine, Kiswahili cha pwani kilichonyooka.

"Salaam aleikum, dada. Mimi naitwa Mwanaisha, mtu wa Mombasa. Niko Kuwait, nafanya kazi nyumba moja na huyu Mnepali, jina lake Kalpana. Twauliza, Sarita yu hai?"

Nikasema yu hai.

"Alhamdulillahi. Hajaitika leo siku ya nne. Hawa wenziwe wa Qatar, wa Cyprus, wa huko kwao, wote hawajalala. Sasa simu yake unayo wewe, kwani wewe nani kwake?"

Nani kwake? Nikasema tunafanya kazi pamoja.

"Basi nakuomba umpe aitike. Hawa wana utaratibu wao, dada. Tangu tetemeko, kila asubuhi wanaitana majina, wale walio katika nyumba za watu nchi za mbali. Ukiitwa, waitika. Asiyeitika tunamtafuta. Mimi si Mnepali lakini nami wamenitia, maana humu jikoni tuko wawili tu. Nikifa leo, Kalpana atasema."

Sasa hapa ni lazima niwaambie jambo ambalo hata wanamaombi wenzangu walikuwa wamechoka kulisikia. Mdogo wangu Faida, kitinda mimba wa mama yetu, Mama Bora, aliondoka Bujumbura mwaka 2013 na wakala, akaenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Alipiga simu mara tatu. Mara ya tatu alisema mama mwenye nyumba ameshika pasipoti yake, kwa usalama. Kisha simu yake haikupatikana tena. Nilifunga siku saba, nikafunga siku ishirini na moja. Nilikuwa nasema, Bwana, waguse wale wanaomfungia mdogo wangu, ivunje mikono yao.

Na nilikuwa nimesimama mbele ya droo iliyo wazi, pasipoti tatu ndani yake, ufunguo wa shaba mkononi mwangu.

Nikakaa sakafuni kwenye nywele za wateja nilizokuwa nimezifagia. Nililia mpaka Mwanaisha akadhani simu imekatika. Nilipoweza kusema, nikamuuliza kama huko amesikia msichana wa Uvira anaitwa Faida. Akaniambia, "Uarabuni ni kukubwa, dada. Sijamsikia. Lakini nipe jina lake kamili, kesho nalo litaitwa." Hakuniuliza dini yangu, wala hakuniuliza kwa nini simu ya mwenzangu ilikuwa kwangu, ingawa nadhani alishajua.

Nikaenda chumba cha nyuma nikamwamsha Sarita. Nilimwekea simu mkononi. Alinitazama mimi kwanza, kisha simu, akaiweka mdomoni akasema neno moja: "Hajur." Nawaambia, simu ile ililipuka kwa sauti. Wanawake wanalia, wanacheka, wanasema wote pamoja. Baadaye nilijifunza kwamba hajur kwa lugha yao ni kama kusema naam, kwa heshima. Hiyo ndiyo mizimu niliyoikemea, kina mama wakisema naam.

Ningeweza kuishia hapo. Ningerudisha simu na kunyamaza, Madame asingejua. Lakini nilimwona Sarita anautazama ufunguo. Hakuomba. Alikuwa ameshaomba mara mbili mbele yangu.

Nilirudi mezani, nikatoa pasipoti tatu, nikatoa na bahasha ya diploma yangu. Miaka yote ile nilikuwa na ufunguo wa kitu changu mwenyewe kiunoni na sikuwahi kuwaza kukitoa! Nikayaita majina yao kwa sauti, moja moja, na kila mmoja akaja akapokea yake kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa. Kisha nikawaambia tungoje. Wenzake Sarita walitaka tukimbie kabla Madame hajafika. Nikasema hapana, huyu mama alikuja Alex mchana kweupe kunitafuta. Sitamtoroka.

Madame alipanda ngazi saa tatu. Aliona droo, aliona mikono yetu.

"Mama Neema, unafanya nini? Ile ufunguo nilikupatia juu nilikuamini."

Nikamwambia nimewarudishia wenyewe hati zao.

"Siku ile ya Alex, nani alikuja kukutosha kule? Si miye? Njo unanilipa hivi, kwa ajili ya wapagani?"

Nikasema, "Ni wewe, Madame, na nitalisema mpaka kufa. Uliniita jina langu nikatoka. Leo na mimi nimeita matatu."

Alikaa kitini. Nilidhani atanipiga, heri angenipiga. Alisema neno moja tu, tena kwa sauti ya chini: "Tokeni." Nikaweka ufunguo mezani. Tukatoka wanawake wanne na mabegi mawili, tukasimama kando ya kituo cha teksi, na ilikuwa inanyesha. Sikuwa na kazi. Chumba changu kilikuwa kimoja, La Rochelle, kitanda kimoja, na mtoto mmoja wa shule aliyerudi mchana akakuta watu watatu wamejipanga kwenye zulia. Neema alisimama mlangoni akasema, "Eish, Ma, who are these people?" Nikamwambia ni shangazi zako. Hakuuliza tena.

Ndugu zangu, msidhani kwamba malaika walishuka wakatutandikia. Tulibanana. Wao walitaka wali na dengu, sisi tulitaka ugali na sombe yetu ya majani ya muhogo. Mwenye nyumba alilalamikia harufu ya mafuta ya haradali. Kanisani watu walisema Mama Neema amechezewa akili, amehamishia waganga nyumbani. Madame alikaa kiti cha mbele, mimi nikahamia kule nyuma karibu na spika iliyoharibika. Vibali vya wale dada vilichukua mwaka na zaidi, kwa msaada wa wakili mmoja mama wa hapa hapa, na milango mingi ilifungwa kwanza. Lakini nilikuwa nimeshaamua. Mikono iliyofunga ndiyo hiyo itakayofungua, hata kama itachubuka.

Sarita akaenda kwao. Alimkumbatia mtoto wake, akamjengea chumba kimoja cha mawe, akarudi Joburg. Nilimuuliza kwa nini amerudi. Akanijibu kwa Kiswahili chake cha saluni, "Kule umeme unakwenda-kwenda. Nitaita watu namna gani?" Ndipo nikaelewa kwamba huyu mwanamke ana wito kama wa mchungaji yeyote.

Tulipanga chumba kidogo cha mbele, barabara ile ile. Upande huu nywele, upande ule nyusi, katikati meza ambayo haina droo. Hiyo niliitaka mimi. Fundi seremala aliniuliza mara mbili kama sijasahau kitu.

Hapo ndipo kazi ilipokua. Walikuwa wanawake tisa wa bonde moja walipoanza. Wakaja wa Lisbon wanaofunga mboga kwenye mabanda, wa Cyprus wanaotunza wazee, wa Qatar na Kuwait wa majumbani, wa Australia wanaosomea uuguzi, na wale waliobaki nyumbani wanaojenga upya. Sarita alipanga hivi: kila mwanamke ana majina mawili ya kuita na wawili wa kumwita yeye. Siku moja ya kimya, unampigia. Siku ya pili, wanatafutwa walio karibu naye. Kabla ya kusafiri, unapiga picha pasipoti yako na uso wa wakala wako, unazituma. Namba ya pasipoti unaikariri kwa wimbo, kama watoto wanavyokariri hesabu, ili hata ikichukuliwa bado unayo. Anayejua kushona anafundisha kushona, anayejua Kiingereza anafundisha Kiingereza, na Sarita amefundisha kutinda nyusi kwa simu, uzi mdomoni, wanafunzi wake wakiwa nchi sita.

Na mimi je? Mungu alinipa sehemu yangu katika jambo ambalo Mwanaisha alilisema bila kulijua: humu jikoni tuko wawili tu. Katika nyumba nyingi za huko, anapofanya kazi Mnepali mmoja, pembeni yake yupo dada wa Tanga, wa Mombasa, wa Bujumbura. Hawaelewani lugha, lakini wanaosha sufuria moja. Nikaanza kuwatafuta hao wa Kiswahili, mmoja baada ya mwingine, kila asubuhi kabla ya mteja wa kwanza. Mnepali akinyamaza, nampigia Mswahili wake. Mswahili akinyamaza, Sarita anampigia Mnepali wake.

Mwaka 2017 binamu wa mmoja wa wale dada watatu, aliyekuwa Uarabuni, alinyamaza siku mbili. Katika nyumba ya jirani yake kulikuwa na mama wa Tanga, Muislamu safi, anaamka alfajiri kuswali. Alitoka na taka kabla ya wakati, akasimama chini ya dirisha, akaimba ule wimbo wa namba za pasipoti tuliomfundisha kwa simu, ambao hata haelewi maneno yake. Dirisha la jikoni likagongwa kutoka ndani. Yule binamu alikuwa amefungiwa, anaumwa homa. Leo yuko kwao, anauza chai. Mtanisamehe, wapendwa, lakini siku ile niliacha kuuliza ni nani anayestahili kusali nami.

Sasa nafika karibu na mwisho, Mchungaji.

Mwaka huu mnaujua wenyewe. Siku zile za vurugu nilikuwa mjini nimekwenda kununua nywele kwenye maduka ya jumla. Watu wakaanza kukimbia, vyuma vya maduka vinashushwa, moshi. Nilianguka karibu na roboti, zile taa za barabarani, simu ikaenda, mzigo ukaenda. Nikavutwa na mtu nisiyemjua tukaingia jengo moja kuukuu, tukapanda mpaka stoo ya juu, tukajifungia watu kumi na moja. Siku mbili. Nilikaa kwenye giza lile nikawaza, Zawadi, 2008 imerudi. Tofauti ni kwamba sasa Madame hatakuja. Nilijua hatakuja, na sikumlaumu.

Siku ya pili, mchana, tukasikia mtu anapanda ngazi anaita. Sauti ya mwanamume, lafudhi ya ajabu. Wote tukaziba midomo. Akaita tena, ghorofa kwa ghorofa: "Mama Neema? Zawadi? Mama Neema wa La Rochelle?"

Nilichungulia kwenye tundu. Kijana mwembamba wa Kinepali, jasho linamtiririka, ameshika karatasi yenye picha yangu. Baadaye nilijua yote. Asubuhi ya kwanza Sarita aliita jina langu, sikuitika. Neema alikuwa pale pembeni yake analia. Asubuhi ya pili jina langu lilikuwa limeshafika Lisbon, na huko kuna mama ambaye kaka yake ana kibanda cha kutengeneza simu hapa Joburg, mtaa wa nyuma ya kituo cha teksi. Dada akampigia kaka, akamwambia usiniambie juu ya hatari, toka ukamtafute. Aliingia majengo saba. Jengo letu lilikuwa la nane. Mtu ambaye sikumzaa, sikumpikia, sijawahi kumwona.

Nilifungua mlango. Nilitaka kusema niko hapa, nilitaka kusema asante. Kilichonitoka ni hiki tu: "Hajur."

Kijana yule akakaa kwenye ngazi akalia.

Nilipofika nyumbani na kuazima simu, wa kwanza niliyemwita, baada ya kumshika mwanangu, alikuwa Madame Georgette. Nilisikia vioo vya saluni yake vimevunjwa vyote. Hakupokea. Kesho yake asubuhi nikamwita tena, katika zamu yangu, baada ya wa Tanga na kabla ya wa Bujumbura. Hakupokea. Siku ya tatu simu ikafunguka. Nikasema, "Madame, ni Zawadi wa Uvira. Naita jina lako." Kisha akasema, "Niko." Basi, akakata.

Tangu siku hiyo kila asubuhi anaitika. Amenipa ruhusa kusema haya, na mnamwona ameketi pale, kiti cha tatu upande wa dirisha. Ile meza yake yenye droo, vijana waliivunja wakaibeba. Aliniambia mwenyewe kwamba hataitengeneza nyingine.

Basi namshukuru Mungu aliyenitoa. Namshukuru kwa Sarita, ambaye amesimama pale mlangoni na binti yake, maana sasa ni binti mkubwa na amekuja kusoma. Namshukuru kwa Mwanaisha. Namshukuru hata kwa simu ile iliyolia mpaka nikakasirika. Mtumainini huyu Mungu, ndugu zangu, hata anapojibu maombi yenu kwa mdomo wa mtu ambaye chai yake mmekataa kuinywa.

Kuna jambo moja sijawaambia, na najua mnalingoja. Mnataka kusikia kwamba Faida amepatikana. Hajapatikana. Ni miaka sita. Jina lake linaitwa kila siku na wanawake wasiojua Uvira iko wapi, linaitwa Kuwait, Muscat, Cyprus, na mpaka leo halijaitikiwa. Zamani ningeona aibu kusimama na ushuhuda usiokamilika. Sioni aibu tena. Kama Mungu hakunipa jibu, amenipa watu wa kuita nami, na sitanyamaza kwanza mimi.

Meza ya pale nje ina daftari. Kama una dada, una binti, una shangazi katika nyumba ya watu mbali, na hujasikia sauti yake, andika jina. Usiandike tatizo lake, andika jina lake, lile aliloitwa na mama yake. Kesho saa kumi na mbili na nusu litaitwa. Na kama ni wewe unayeshika ufunguo wa mtu, nenda leo, kabla ya chakula, ukafungue.

Sasa simameni. Mliponijibu mwanzoni niliwaambia mlikumbuke itikio lenu. Nisaidieni kuita jina moja, wote kwa pamoja, kisha tukae kimya tumpe nafasi.

Faida, mtoto wa Mama Bora, wa Uvira.

Faida.

Haya. Kesho tena.